Baron Empain, Benki Yake na Ardhi ya Kivu

Katika mji wetu wa Bukavu hakuna neno linaloleta magomvi mengi kuliko neno parseli. Ndugu wanashitakiana, wajane wanafukuzwa, kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu wawili, na kila mmoja anashika karatasi mkononi. Wengi wetu twadhani kwamba shida hiyo imeanza juzi tu, wakati watu wa vijijini walipokimbilia mjini kwa sababu ya vita. Lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Anayetaka kuufahamu imempasa ajue habari za mtu mmoja wa Ulaya, mwenye benki, mjenga reli na mjenga miji, aitwaye Édouard Empain. Jina lake halitajwi sana kwetu, lakini kazi yake imegusa mashamba ya babu zetu.

Mwana wa mwalimu

Empain alizaliwa tarehe 20 Septemba 1852 katika Belœil, kijiji cha jimbo la Hainaut, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mtu asiye na mali. Kijana alianza kazi kama mchoraji wa ramani za mitambo katika kiwanda cha chuma. Hakurithi kitu kikubwa. Alichokuwa nacho ni akili ya hesabu na jicho la kuona mbele.

Wakati ule miji ya Ulaya ilikuwa inakua upesi, na watu walihitaji njia ya kwenda kazini na kurudi. Empain aliona jambo hilo mapema. Akaanza kujenga reli ndogo za mashambani na tramu za mjini, kwanza Ubelgiji, halafu Ufaransa na nchi nyingine. Mwaka 1881, kabla hajatimiza miaka thelathini, alifungua benki yake mwenyewe.

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze namna alivyofanya kazi, maana ndiyo siri ya utajiri wake. Kwanza alikwenda kwa wakubwa wa mji au wa nchi, akaomba ruhusa kwa maandishi: yeye peke yake ajenge reli mahali fulani na kuitumia kwa miaka mingi. Alipoipata karatasi hiyo, benki yake ilikusanya fedha za watu, kila mtu akanunua hisa kadiri ya uwezo wake. Fedha hizo zilijenga reli. Mwaka 1904 alipata pia kiwanda kikubwa cha mitambo ya umeme katika mji wa Charleroi, hata mashine nyingi zikatoka kwake mwenyewe. Basi ruhusa ilikuwa yake, benki yake, kiwanda chake, na nauli ya abiria ikarudi kwake. Kazi yake kubwa kupita zote ilikuwa reli ya chini ya ardhi ya Paris, ambayo njia yake ya kwanza ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900. Hata leo watu maelfu na maelfu hupita humo kila siku.

Hatusemi kwamba mtu wa namna hiyo ni mwovu. Mwenye bidii na busara anayejenga kitu chenye faida kwa wengi anastahili sifa. Katika mfano wa talanta, Bwana wetu alimkemea yule aliyeifukia fedha yake ardhini. Lakini tuangalie sasa kanuni hii ilipofika Afrika. Ilitumika mahali pawili: kwetu Kongo na huko Misri. Matokeo hayakuwa sawa, na tofauti yake ndiyo fundisho letu.

Mji katika jangwa

Tuanze na Misri, maana huko habari ni nyepesi. Empain alifika Kairo mwaka 1904 kwa ajili ya mpango wa reli, ukamshinda, Waingereza wakaupata. Mtu mwingine angalirudi kwake. Yeye alibaki, akatazama jangwa lililo kaskazini-mashariki ya mji, umbali wa kilometa kumi hivi, akaona mchanga mtupu usio na mto wala mti. Akanunua huko hekta 2,500 kwa bei ndogo sana, kadiri ya paundi 1 kwa kila eka. Mwenzake katika jambo hilo alikuwa Boghos Nubar Pasha, mtu mkubwa wa Misri mwenye asili ya Kiarmenia.

Watu walishangaa: nani atakaa mchangani? Lakini Empain alijua kwamba kiwanja hakina bei kwa sababu ya udongo wake tu; kina bei kwa sababu ya njia inayofika hapo. Akaleta tramu ya umeme kutoka Kairo, akaleta maji, akaleta taa. Ndipo mchanga wa paundi moja ukageuka viwanja vya thamani. Shirika lake, lililoundwa miaka 1905 na 1906, lilijenga nyumba za matajiri na za watu wa kazi, makanisa, misikiti na sinagogi, pamoja na hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 1910. Hoteli ile baadaye ilifanywa ikulu ya Rais wa Misri. Mwaka 1907 fedha ilianguka Kairo, wafanya biashara wengi wakafilisika, lakini Empain aliendelea kujenga. Mwaka huohuo Mfalme Leopold II alimpa cheo cha baron.

Mji huo uliitwa Heliopolis, maana yake Mji wa Jua, kwa kufuata jina la mji wa kale uliokuwa karibu. Wasomaji wa Maandiko Matakatifu wanaufahamu kwa jina lingine: ni On, alikotoka Asenathi mke wa Yosefu, binti wa kuhani Potifera, kama tusomavyo katika Mwanzo sura ya 41. Na hapo jirani, Matariya, Wakristo wa Misri tangu kale huonyesha mti ambao, kwa mapokeo yao, Familia Takatifu ilipumzika kivulini mwake ilipomkimbia Herode. Katikati ya mji mpya Empain alijenga kanisa kubwa la Bikira Maria, na chini ya kanisa hilo alizikwa alipofariki mwaka 1929.

Basi huko Misri alinunua jangwa. Hakuna mwanamke aliyekuwa akilima maharagwe katika mchanga ule, wala hakuna migomba iliyokatwa. Kilichoongezeka pale kiliongezwa kwa fedha na kazi.

Reli ya Kongo na hekta milioni nne

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1885 Leopold II alijitwalia Kongo yote, nchi iliyoitwa kwa Kifaransa État Indépendant. Kwa sababu ya neno hilo État, hata leo twaiita serikali Leta. Tarehe 1 Julai 1885 Leta yake ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mtu ni mali ya Leta. Maneno yenyewe ni mafupi, na mtu aweza kuyasoma bila kuona ubaya. Lakini ubaya wote umo katika swali moja: ni ardhi gani isiyo na mtu? Kwa Leta, pasipo nyumba wala shamba linalolimwa palikuwa patupu. Basi msitu wa kuwinda, malisho ya ng'ombe, shamba lililoachwa lipumzike, makaburi ya wazee, yote yaliweza kuhesabiwa kuwa patupu.

Kwa Bashi mambo hayakuwa hivyo. Wazee wetu hawakujua ardhi isiyo na mwenyewe. Mwami alikuwa na ardhi yote kwa niaba ya watu wote, akawagawia wakubwa wake, nao wakawagawia watu. Aliyetaka shamba la kudumu alitoa ng'ombe, ndiyo kalinzi, mbele ya mashahidi, na shamba hilo likawarithi watoto wake. Asiye na ng'ombe aliweza kupata kipande cha kulima kwa muda tu, ndiyo bwasa, wala hakuruhusiwa kupanda migomba humo. Karatasi haikuwako, lakini mashahidi walikuwako, na mpaka ulijulikana. Hatusemi kwamba desturi hiyo haikuwa na kasoro: maskini alimtegemea mkubwa wake mno, na mjane aliogopa siku za matanga. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba kilima fulani hakina mtu.

Mwaka 1902 Leopold alitaka reli ya kuunganisha mto wa juu na maziwa yetu makubwa. Akampa Empain kazi hiyo, na tarehe 4 Januari 1902 shirika la reli, lililojulikana kwa herufi C.F.L., likaundwa. Mtaji wake ulikuwa franki milioni 25. Leta iliahidi kwamba wenye hisa watapata faida ya asilimia 4 kila mwaka, hata kama treni hazipati abiria. Tena iliahidi kuwapa hekta milioni 4 za ardhi, pamoja na misitu na madini. Wasomaji watafakari ukubwa huo: Rwanda nzima, jirani yetu, haifiki hekta milioni 2 na laki 7. Mtu aliyeandika ahadi hiyo hakuwahi kuja Kongo hata siku moja katika maisha yake.

Reli zilijengwa kweli. Ya kwanza ilitoka Stanleyville hadi Ponthierville, kilometa 125, kupita kando ya maporomoko. Ilimalizika mwaka 1906. Ya pili ilitoka Kindu hadi Kongolo, kilometa 355, kukwepa mahali pa hatari palipoitwa Milango ya Jehanamu. Ya tatu ilitoka Kabalo, ikafika ziwa Tanganyika mwaka 1915, huko Albertville, yaani Kalemie ya leo. Kazi hiyo ilifanywa kwa mikono ya Waafrika, na wengi wao waliandikwa na Leta kwa lazima. Mwenye hisa wa Brussels alikuwa na uhakika wa asilimia 4 zake. Mwenye sururu hakuwa na uhakika wa kuiona tena nyumba yake.

Halmashauri ya Kivu

Milima yetu ya Kivu iliingia katika hesabu hiyo baadaye. Mwaka 1923 watu wa Empain waliunda shirika la madini la M.G.L., ndilo lililochimba dhahabu ya Kamituga kwa miaka mingi, hata lilipounganishwa na mengine mwaka 1976 na kuitwa Sominki. Kisha, kwa amri ya tarehe 13 Januari 1928, serikali ya Ubelgiji iliunda Comité National du Kivu, kwa kifupi C.N.Ki. Serikali na shirika la reli walikuwa wenzi humo, na haki za ardhi ambazo shirika lilikuwa nazo Kivu ziliingizwa katika halmashauri hiyo. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kuwagawia Wazungu walowezi. Wakati ule mji wetu uliitwa Costermansville.

Ndipo mashamba makubwa ya kahawa, chai na kinini yalipoenea milimani, upande wa Kabare, Katana, Kalehe na Nyangezi. Sheria ilidai kwamba kabla ya kumpa mlowezi shamba, mkubwa wa serikali afike mahali penyewe, aulize kama wenyeji wana haki hapo, na kama wanazo walipwe. Ilikuwa sheria nzuri katika karatasi. Lakini mara nyingi aliyeulizwa alikuwa mkubwa wa kijiji, na aliyepoteza alikuwa mtu wa kawaida aliyekwisha kutoa ng'ombe wake wa kalinzi zamani. Mtu huyo aliamka asubuhi moja, akajikuta mfanya kazi wa mshahara katika shamba lilelile alilolima baba yake.

Mjini nako viwanja vizuri vya kando ya ziwa, zile rasi zinazoingia majini kama vidole vya mkono, vilikuwa vya Wazungu. Waafrika waliwekwa Kadutu, na baadaye Bagira. Na reli je? Ile iliyotoka upande wa Uvira iliishia Kamanyola, haikupanda hadi kwetu. Hivyo Kivu ilitoa ardhi, lakini treni haikuiona.

Haki yatudai tuseme pia habari za nyumba yetu wenyewe. Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Leta ya Leopold walipatana kwamba kila misheni itapewa ardhi ya hekta 100 au 200, nayo misheni ifungue shule. Shule hizo zimetulea, na twazishukuru. Walakini ardhi hiyo nayo ilitoka katika mkono uleule wa Leta. Ni vizuri Mkristo ajue hivyo, asijione msafi kuliko wengine anapowahukumu walowezi.

Karatasi ikabaki

Empain alifariki tarehe 22 Julai 1929. Utajiri wake ulikwenda kwa wanawe wawili, Jean na Louis. Louis aliacha biashara mapema, akajitoa kwa kazi za malezi ya vijana. Nyumba ya fahari ya Heliopolis iliuzwa mwaka 1957, ikakaa tupu kwa miaka mingi. Mjukuu aliyebeba jina la babu yake alitekwa na majambazi mjini Paris tarehe 23 Januari 1978. Walimkata kidole, wakamshika zaidi ya miezi miwili. Miaka michache baadaye akauza sehemu yake yote. Mali iliyokusanywa na kizazi cha kwanza haikukaa katika kizazi cha tatu.

Lakini karatasi haikufa pamoja na wenyewe. Baada ya uhuru sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha ardhi na madini yaliyogawiwa na wakoloni mikononi mwa Leta. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema kwamba ardhi yote ni ya Leta kwa milele. Tena tarehe 30 Novemba 1973 mashamba ya wageni yalitangazwa kuwa ya wananchi. Watu wa vijijini walishangilia, wakidhani vilima vitarudi kwao. Havikurudi. Mashamba mengi yalikwenda kwa wakubwa wapya, na mwenye kalinzi akabaki nje ya ua kama zamani. Sheria ile ya 1973 iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kulinda ardhi za desturi. Miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Iliweka pia kwamba mwenye sertifika ya Leta, miaka 2 ikipita, hawezi tena kunyang'anywa: aliyedhulumiwa aweza kudai malipo tu, si shamba lake. Kwa hiyo mwenye kujua ofisi alimshinda mwenye kujua mpaka. Tazameni: neno lile la 1885, ardhi isiyo na mtu, lilibadilisha nguo tu.

Fundisho letu

Katika Mwanzo sura ya 47 twasoma kwamba Yosefu, wakati wa njaa, aliwanunulia Wamisri chakula kwa ng'ombe zao, kisha kwa mashamba yao, hata ardhi yote ikawa ya Farao. Aliokoa maisha yao, ndiyo kweli. Lakini wajukuu wa nduguze mwenyewe waliishia kuwa watumwa katika nchi hiyohiyo. Na katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 21, Yezabeli hakumnyang'anya Nabothi shamba lake la mizabibu kwa upanga kwanza. Alianza na barua, akazipiga muhuri wa mfalme. Barua zilikuwa halali machoni pa wazee wa mji. Machoni pa Mungu zilikuwa damu, na nabii Eliya alitumwa kusema hivyo.

Kanisa halikatazi mtu kuwa na mali. Papa Leo XIII alilinda haki hiyo mwaka 1891. Lakini Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, na Papa Paulo VI, mwaka 1967, walifundisha wazi kwamba Mungu aliumba vitu vya dunia kwa ajili ya watu wote, na kwamba haki ya mwenye mali ina mpaka wake pale mwenzake anapokosa cha lazima. Torati nayo, katika Walawi sura ya 25, yasema kwamba ardhi ni ya Mungu, sisi ni wapangaji wake.

Basi tukiwatazama wajenzi na wenye benki, wa zamani na wa leo, tusiwapime kwa ukubwa wa nyumba zao. Tuulize swali moja: kabla hajajenga, mahali hapo palikuwa pa nani? Heliopolis inaweza kujibu swali hilo bila kuona haya. Kivu haiwezi.

Na swali hilo limetupasa sisi pia. Siku hizi walio na fedha kidogo mjini kwetu wanafanya kazi ya Empain kwa kipimo kidogo: wanasikia kwamba njia itapita mahali fulani, wanakwenda kununua kwa mzee mwenye njaa, wanapata karatasi, wanangoja bei ipande. Wengine wanauza miteremko ya Kadutu isiyofaa kujengwa, halafu mvua inakuja na udongo unashuka pamoja na nyumba. Baadhi yao hukaa nasi kanisani siku ya Dominika. Kwao twasema kwa upole: kabla ya kutia sahihi, nendeni mahali penyewe kwa miguu. Waulizeni majirani wa pande zote nne. Mtafuteni mjane, mtafuteni mtoto aliye mbali, maana hao ndio wanaosahauliwa daima. Na wewe unayelima bila karatasi, usidharau ofisi: peleka mashahidi wako mapema, wangali hai, uandikishe haki yako. Babu zetu hawakukosa haki; walikosa mtu wa kuiandika.

Wazee wetu hutuambia kwamba jina Bukavu limetoka katika neno la Kishi, mahali pa ng'ombe. Basi kabla ya kuwa mji wa viwanja, palikuwa malisho ya mtu.